Naomba ushauri: vikaratasi vya vitisho kabla ya uchaguzi

Ndugu wanachama, hamjambo. Naishi Molo, Kenya, ambako wengi tuligeuka wakimbizi wa ndani baada ya uchaguzi wa 2007. Juzi usiku, vikaratasi visivyo na jina vilibandikwa milangoni mwetu sisi tunaomuunga mkono mmoja wa wagombea wa wadi, vikitutaka tuhame kabla ya siku ya kura. Nimeripoti polisi nikapewa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha kimya. Chifu naye anasema ni utani wa vijana, utani ambao sisi tuliowahi kuzima moto wa nyumba zetu kwa ndoo hatuucheki. Nakala mbili nimezihifadhi.

Kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumtisha mpiga kura, je, malalamiko niyapeleke kwanza IEBC (tume ya uchaguzi) au NCIC (tume ya uwiano na utangamano wa kitaifa)? Na je, jina langu linaweza kufichwa?