Ushauri: Filamu ya vikongwe wa Usukumani kwenye tasnifu yangu ya uzamili

Mwana_Kahama: Wakuu, habari za muda huu. Nasoma uzamili Dar. Nataka kutengeneza filamu fupi ya hali halisi kuhusu vikongwe wanaouawa kwetu kwa kudhaniwa wachawi, eti macho mekundu. Na mekundu ni ya moshi! Bibi kapikia kinyesi cha ng'ombe miaka nenda rudi, asiwe na macho mekundu? Msimamizi wangu anasema nichague moja, utafiti au uanaharakati. Nimekwama.

Fundi_Mitambo: Mkuu, nani ataitazama? Sembène wa Senegali alishakuwa na jina kwenye riwaya, akageukia filamu kwa sababu watu aliotaka kuwafikia wengi hawakujua kusoma. Yako ikiishia ukumbi wa chuo, itatazamwa na wasiowahi kumtuhumu mtu uchawi. Ipeleke kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyesha video na mpira, iwe kwa Kisukuma, ikiisha washa taa uwaache wabishane. Ubishi huo ndio data yako. Msimamizi atakosa la kusema.

Mama_Wawili: Mwanangu, mimi nina swali moja. Ukishamrekodi huyo bibi ukapanda basi kurudi Dar, yeye analala wapi? Anabaki na wale wale wanaomnyooshea kidole, na mara nyingi ni ndugu zake wanaolitolea macho shamba. Itafute The Letter (2019), filamu ya hali halisi ya Kilifi, Kenya, uone jinsi tuhuma inavyoanzia ndani ya familia. Uso wa bibi si lazima uonekane. Mikono yake ikipepeta mchele na sauti yake vinatosha.

Sangara: Naunga mkono. Sisi wa Mwanza tunaikumbuka Darwin's Nightmare ya 2004, filamu ya hali halisi kuhusu biashara ya sangara wa Ziwa Victoria. Iliteuliwa kuwania Oscar, halafu 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani na watu wakaandamana. Mtengenezaji alikuwa Ulaya. Joto liliwaangukia wenyeji. Chukua barua ya chuo, kibali cha Bodi ya Filamu, na upige hodi ofisi ya kijiji kabla hujatoa kamera kwenye begi.

Mwana_Kahama: Asanteni sana. Mama, la kuficha uso sikuliwaza kabisa. Fundi, wenye vibanda huwa wanakodisha kwa siku au kwa onyesho? Nao watakubali kweli, hasa siku ya Simba na Yanga?

Fundi_Mitambo: Siku ya Simba na Yanga usijaribu.