Msaada: handla yangu ya logi inajiita yenyewe mpaka Python inazima

Fundi_wa_Usiku:
Habari wakuu. Nina programu ya mauzo ya duka la dawa, Python 3.8 juu ya Linux. Mauzo yanakaa kwenye SQLite (hifadhidata ndogo ya faili) pale pale dukani, ila hitilafu zote nazituma kwenye hifadhidata iliyo seva nyingine, kupitia handla ya logi niliyoandika mwenyewe, yaani kipande cha msimbo kinachopokea kila ujumbe wa logi na kuupeleka unakohifadhiwa. Juzi seva ile ilizimika. Programu ikamwaga mistari ile ile kurasa kwa kurasa, `emit`, `error`, `_log`, `callHandlers`, halafu `emit` tena, mwisho `RecursionError`, yaani miito imebebana kupita kikomo. Jana nikapandisha kikomo hicho kwa `sys.setrecursionlimit(100000)`, sasa inakufa na `Segmentation fault` basi. Mwenye duka anapiga simu tangu asubuhi. Nianzie wapi?

Mzee_Kodi:
Mkuu, kwanza rudisha kikomo. Ile 1000 ya kawaida ndiyo breki yako. Steki, kumbukumbu inayoshika miito ambayo haijaisha, kwenye Linux kwa kawaida ni MB 8. Ukitoa breki Python inazidi kushuka mpaka steki inajaa, na hapo mfumo unaua programu bila maelezo. Tuwekee `emit`, ile sehemu ya handla inayoandika ujumbe, tuione.

Fundi_wa_Usiku:
```
def emit(self, record):
    try:
        self.db.andika(self.format(record))
    except Exception:
        logging.error("Imeshindikana kuandika")
```

Binti_Seva:
Tatizo ni mstari wa mwisho. Hifadhidata ikigoma, unaiita logi, logi inaita `emit`, `emit` inarudi kwenye hifadhidata ile ile iliyogoma. Weka `self.handleError(record)`. Hiyo inaandika kwenye stderr (njia ya kutolea hitilafu, kwa kawaida skrini), hairudi kwenye logi.

Fundi_wa_Usiku:
Nimebadilisha, nikazima hifadhidata makusudi. Bado inazunguka!

Mzee_Kodi:
Handla umeifunga kwenye logger ya mzizi, ile inayopokea logi za programu nzima, sivyo? Maktaba ya hifadhidata nayo ina logi zake. Ikikosa koneksheni inaandika hitilafu, inapanda mpaka mzizi, inaangukia handla yako. Hili lilinila siku mbili nzima mwaka fulani, ndiyo maana nalikumbuka. Logger ya maktaba ipe `propagate = False`, ili logi zake zisipande mpaka mzizi, na handla ya faili. Ongeza na alama ya `threading.local` (kila uzi wa programu una yake), iwashwe `emit` inapoanza kazi: `emit` ikikuta imeshawashwa, irudi hapo hapo. Na alama hiyo uizime ndani ya `finally`, usisahau, la sivyo handla itanyamaza moja kwa moja.

Fundi_wa_Usiku:
Imekubali! Nimezima hifadhidata mara tatu, duka linauza kama kawaida, na kwenye stderr nimeiona hitilafu ya kwanza kabisa: `Connection refused`. Asanteni sana, ngoja nimpigie mwenye duka.