Mrejesho: Chinchila wangu na harufu ya rangi

Ndugu zangu, asanteni sana. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje na chinchila wangu wawili, wanyama wadogo wa kufugwa wenye manyoya laini, jamii ya panya, wakati sebule inapakwa rangi, hapa Minneapolis, Marekani, baridi kali na madirisha yote yamefungwa. Wengi mlisema niwahamishe, kufunika tundu kwa shuka hakusaidii.

Walikaa kwa shemeji siku 5. Wamerudi, wanakula nyasi kavu vizuri, hakuna anayepiga chafya.

Lakini kilichonishtua zaidi ni swali la dada mmoja: tundu liko umbali gani na jiko? Hatua tatu tu! Nami nina kikaango kile kisichoshika chakula, nimeshakisahau motoni mara kadhaa. Kikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke wa sumu, unaoua hata ndege kwa muda mfupi. Nimekitoa, natumia cha chuma, na tundu nimelihamishia chumbani. Udi wa Ijumaa nao nimeuacha kabisa, ingawa naupenda mno.

Usafi sasa ni siki na maji, kisha nasuuza. Dawa ya klorini ikikutana na mkojo wao hutoa hewa kali ya sumu, na mimi nilikuwa naimwaga kila wiki.