Binti wa miaka 16, magego yanalegea: kwa nini vidonge peke yake havitoshi?

Mama wa Tanga
Ndugu zangu, naomba ushauri. Binti yangu ana miaka 16, hupiga mswaki asubuhi na usiku, na kwa kuyatazama meno yake ni safi; hata hivyo magego ya kwanza na meno mawili ya mbele yameanza kulegea. Katika duka la dawa alipewa amoksilini ya siku 5, damu iliyokuwa ikitoka kwenye fizi ikakoma, kisha baada ya wiki chache ikarudi. Sasa daktari anataka kumkwangua mizizi ya meno ndipo ampe dawa mbili kwa pamoja. Je, kukwangua huko ni lazima?

Tabibu wa meno
Mama, ni lazima. Bakteria wanaosababisha ugonjwa wa fizi hukaa chini ya ufizi ndani ya utando mzito ulioshikamana na mzizi, na dawa iliyomo kwenye damu haiupenyi vya kutosha mpaka utando huo uvunjwe kwa vifaa. Hata hivyo, ugonjwa unaoshambulia magego ya kwanza na meno ya mbele ya kijana asiye na uchafu mwingi kwenye meno mara nyingi huhusishwa na bakteria aitwaye Aggregatibacter actinomycetemcomitans, ambaye huweza kujipenyeza ndani ya nyama ya ufizi, mahali ambapo kifaa hakifiki. Ndiyo maana kwake dawa huongezwa, ilhali wagonjwa wengi wa fizi hatuwapi kabisa, kwa kuhofia usugu, yaani bakteria kuzoea dawa zisiwaue tena. Mchanganyiko uliozoeleka ni amoksilini na metronidazoli, mara 3 kwa siku, kwa kawaida siku 7, kuanzia kukwangua mizizi kunapokamilika. Mweleze daktari iwapo binti ana mzio wa penisilini, jamii ya dawa ambamo amoksilini imo. Nakusihi pia wadogo zake wapimwe, kwani ugonjwa huu huandama familia.

Niliyetibiwa nikiwa na miaka 19
Dada, metronidazoli iliniachia ladha ya chuma mdomoni, na siku ya tatu nilitamani kuiacha, lakini nilimaliza dozi. Baada ya miezi 3 mifuko ya fizi, yaani nafasi kati ya jino na ufizi, ilipimwa tena. Miwili ilikuwa bado na kina kirefu, ikasafishwa upya bila dawa.

Mama wa Tanga
Nashukuru sana. Mdogo wake ana miaka 13, nitakwenda nao wote wawili. Nyumbani vimebaki vidonge vya amoksilini; je, aanze navyo?

Tabibu wa meno
Hapana, mama. Virudishe kwa mfamasia, na asimeze vidonge vyovyote vya aina hiyo kabla ya kukwanguliwa mizizi.