Vipande vya okestra kwa klarineti, nichague vipi?

Pumzi_Ndefu:
Wakuu habari zenu. Nina miaka 4 kwenye klarineti, mwalimu kanipa karatasi ya vipande 15 vya okestra (sehemu fupi za klarineti kutoka kwenye muziki wa okestra) akasema chagua vitatu uvishike kisawasawa, usaili umebaki miezi mitatu. Mi natamani vyote ila najua nikivigusa vyote siku ikifika hakuna hata kimoja kitakachokuwa kimekaa. Ulimi wangu mzito, stakato (noti fupi fupi za kukatakata) ikienda kasi unanata, ila noti ndefu za taratibu naziweza. Sasa nibaki na za taratibu au nijitose kwenye ile Scherzo ya Mendelssohn, kile kipande cha kasi? Na mdomo unachoka haraka, mnafanyaje?

Ulimi_Mwepesi:
Mkuu Scherzo huikwepi, inaombwa kwenye usaili mwingi sana, ianze leo. Ila usianze na ulimi. Wiki ya kwanza ipige yote kwa kuunganisha noti, ulimi usiguse ridi (kile kipande chembamba cha mdomoni kinachotetemeka) kabisa, usikilize vidole tu, maana tunalaumu ulimi kumbe vidole ndo vinachelewa. Vikikaa sawa ndo urudishe ulimi, metronomu (kile kipima mwendo) weka 60, yaani mapigo 60 kwa dakika, pigo moja kwa kila baa kwa sababu ni 3/8, ukipata mara tano mfululizo panda namba mbili. Wengi wanaipiga 84 hadi 88. Na hewa isikatike, ipeleke kama vile unapiga noti moja ndefu, ulimi uguse ncha ya ridi kidogo mno halafu uachie.

DadaKlari:
Hapo sawa kabisa, ila mdogo wangu hizo za taratibu usizichukulie poa. Solo ya sehemu ya tatu ya Simfoni ya 2 ya Rachmaninoff nilidhani naiweza mpaka nilipojirekodi kwa simu, kila nikishusha sauti mwisho wa pumzi noti inapanda juu ya tyuni, kumbe nilikuwa nabana mdomo. Na ni ya klarineti ya A, usiifanyie mazoezi kwenye ile nyingine ya B flati ukadhani ni yale yale. Cha tatu chukua mwanzo wa sehemu ya pili ya Simfoni ya 3 ya Brahms. Fungua skoo (kitabu chenye noti za vyombo vyote), klarineti na fagoti wako pamoja, kila sentensi ikiisha viola na chelo zinaitikia, basi ukiwa chumbani peke yako hilo itikio liimbe kichwani, usiliruke. Ukiliruka wanaokusikiliza wanajua hujawahi kukaa na muziki mzima.

Pumzi_Ndefu:
Asanteni sana. Nimejaribu leo kuunganisha noti, ni kweli, ulimi haukuwa na shida kubwa, kidole cha pete cha kushoto ndo kinachelewa kufunga tundu nikivuka kwenda sauti za juu!

Ulimi_Mwepesi:
Basi hicho kidole kipe dakika kumi zake kila siku, noti mbili tu, kwenda na kurudi taratibu. Kuhusu mdomo, piga dakika 20 weka chini, muda huo soma skoo au uimbe. Ukiona pembe za mdomo zinavuja hewa acha kwanza.