Pikapu inapiga "tak" tu haiwaki, naombeni ushauri kabla sijanunua betri

Mpunga_Ifakara
Wakuu habari za asubuhi. Nina Hilux ya zamani, dizeli injini 3L, gia za mkono, ndo inanibebea mpunga kutoka shamba mpaka mashineni hapa Ifakara. Wiki hii imeanza tabia, nikigeuza ufunguo inapiga tak moja alafu kimya, narudia tena tak, saa nyingine nikirudiarudia inashika inawaka vizuri kabisa, ila leo imegoma jumla. Taa zinawaka, honi inalia, vijana wakiisukuma inawaka. Fundi wa jirani anasema betri imekufa ninunue nyingine, na hii haijamaliza hata mwaka. Mpunga umeshakatwa uko shambani na kila jioni wingu linatanda, nianzie wapi jamani?

Rewaya_Moro
Mkuu usitoe hela bado. Kwanza kama ikisukumwa inawaka basi injini haijakaza, hilo tuliweke pembeni. Sasa sikiliza mlio, ukisikia tatatatata ya haraka mara nyingi betri haina nguvu au vichwa vyake vimelegea, ila tak moja nzito mara nyingi maana yake solenoidi, ile swichi kubwa ya stata, imevuta lakini umeme hauvuki kwenda kwenye mota ya stata inayozungusha injini. Washa taa kubwa, mtu asimame mbele, wewe geuza ufunguo. Taa zikififia sana rudi kwenye betri, zikibaki kali vilevile betri haina kosa, shusha stata.

Mama_Fuso
Rewaya hapo mwisho umekimbia kidogo kaka. Taa kubaki kali sio lazima iwe stata. Kuna ule waya mnene wa ethi unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini, ukioza taa hazijui kabisa maana zenyewe zinapata ethi kwenye bodi, ila stata inakosa njia ya kurudisha umeme. Nimeona watu wananunua stata mpya kwa ajili ya waya huo, inauma sana. Mdogo wangu tafuta multimita hata ya kuazima, weka volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu awashe. Ikisoma zaidi ya nusu volti huo waya ni mbovu. Kama mita hamna, chukua kebo ya kubustia funga kutoka hasi ya betri mpaka kwenye injini ujaribu kuwasha, ikiwaka jibu umelipata.

Kijana_wa_Songea
Gonga stata na nyundo itawaka hiyo

Rewaya_Moro
Kugonga taratibu kunaweza kukufikisha nyumbani ila sio dawa, na ukigonga kwa hasira unavunja vitu vya ndani. Na watakaokwambia uishoti na bisibisi, hakikisha gia iko frii na hendibreki imepandishwa, gari ikiwa kwenye gia inaruka mbele na mtu yuko pale. Mama Fuso nakubali, ethi ipimwe kwanza.

Mzee_Kilombero
Betri nayo ipime ikiwa imelala usiku kucha. 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 haina kitu. Alafu ipime tena wakati unawasha, ikianguka chini ya 9.6 basi fundi wako alisema kweli. Vichwa vikiwa na unga mweupe au ukijani osha na maji ya moto na magadi soda, maji yasiingie ndani ya betri, kisha kaza. Dizeli inabana sana, stata yake inakula umeme mwingi, kichwa kikilegea kidogo tu inashindwa.

Mpunga_Ifakara
Shikamoo mzee, asanteni wote. Nimepata mita. Betri asubuhi 12.5, nikiwasha inabaki 12.4, haishuki. Ethi haifiki hata 0.1. Nikapima na kwenye stata, nati inayopokea waya wa betri ina umeme, ile inayoingia kwenye mota sifuri wakati inapiga tak.

Rewaya_Moro
Basi tumempata. Ndani ya solenoidi kuna kontakti mbili za shaba na plunja inayoziunganisha, zimelika. Stata nzima usinunue, hizo kontakti zinauzwa peke yake, badilisha zote mbili na plunja uiangalie uso wake. Kabla hujagusa kitu chomoa hasi ya betri, ule waya mnene wa stata una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Mpunga_Ifakara
Imewaka wakuu, mguso mmoja tu! Kontakti ya upande wa betri ilikuwa imebaki nyembamba kama wembe. Ethi nayo ilikuwa na ukijani kidogo nimeisugua na msasa. Mungu awabariki, vijana wanapakia magunia sa hizi.

Mzee_Kilombero
Marahaba mwanangu. Kabla hujaondoka pima betri gari likiwa linanguruma, inatakiwa 13.8 mpaka 14.4. Ikiwa chini altaneta haichaji, na hiyo betri umeisumbua sana wiki hii.

Mpunga_Ifakara
Imesoma 14.1 mzee.