Madiwani wavue joho barazani?

Mwananchi wa Viti vya Nyuma: Wakuu, naomba tulijadili hili bila vyama. Juzi nilihudhuria Baraza la Madiwani. Karibu nusu saa ilipita kabla ya ajenda ya kwanza: tusimame, Meya aingie na joho na mkufu, dua, sala, wageni watambulishwe. Taarifa ya taka za kata zote ikasomwa dakika kumi, na sisi wananchi haturuhusiwi kuuliza. Joto hili la pwani, joho la nini? Walivue.

Karani Mstaafu: Ndugu yangu, joho linamkumbusha diwani kwamba pale hakukaa yeye, imekaa kata. Nimeandika mihtasari ya vikao miaka mingi, nimeona madiwani waliotaka kupigana wakatulia kwa sababu ya utaratibu huo unaoudharau. Ukitaka libadilike, diwani wako apeleke hoja Kanuni za Kudumu za baraza zirekebishwe. Halafu nyie mnaopigia kelele joho ndio ambao mkutano wa mtaa hamjawahi kukanyaga.

Mama Lishe wa Stendi: Hapo kwenye kukanyaga umenigusa, mzee wangu. Nimekanyaga mara tatu. Tuliitwa saa nne, mwenyekiti akaja saa sita, mimi nimeacha masufuria jikoni. Mapato na matumizi hayakusomwa. Nilipouliza pesa ya ulinzi shirikishi iko wapi nikaambiwa nisilete fujo. Usituambie hatuendi. Tunaenda, tunanyamazishwa.

Karani Mstaafu: Sikukulenga wewe, mama. Nasema wengi. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu. Hapa wangapi wameudai kwa maandishi?

Dereva Bodaboda: Mtaa na kijiji ni vitu viwili mzee, usituchanganye. Halafu kuandika barua ni kwa wenye muda. Kikundi chetu tuliomba ule mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne za vijana, tukazungushwa mpaka dirisha likafungwa. Tukaambiwa serikali imesimamisha, subirini. Hao wa joho walikuwa wapi?

Mpenda Historia: Turudi kwenye joho. Hilo la barazani ni desturi ya Waingereza. Pwani tuna siwa, pembe iliyopulizwa Lamu na Pate kwenye shughuli za watawala, na neno hilo ndilo Bunge letu linaitia rungu lake mpaka leo. Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar alikuwa Sheikh Amri Abedi, malenga. Heshima yake aliipata kwa lugha na kazi. Na joho halikuwaokoa madiwani wa Jiji la Dar baraza lao lilipovunjwa mwaka 2020.

Karani Mstaafu: 2021, Februari. Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa Jiji. Na 1996 iliwekwa Tume kuendesha Jiji badala ya baraza, ikakaa hadi 2000. Ukileta historia ilete kamili.

Mpenda Historia: Nimekosea mwaka, sikukosea hoja. Mara zote hizo mbili baraza liliondolewa na wakubwa wa juu, wananchi hawakuulizwa. Ndiyo maana watu hawaendi mikutanoni!

Shangazi wa Ngamiani: Joho valieni mnavyotaka. Ila naona mleta mada ameiweka dua kwenye orodha ya vitu vinavyopoteza muda. Dua ni dakika mbili. Kikao bila dua kitakuwa na baraka gani?

Mwananchi wa Viti vya Nyuma: Shangazi, sikusema dua iondolewe. Nimesema nusu saa.

Shangazi wa Ngamiani: Umeitaja. Soma ulichoandika.

Dereva Bodaboda: Mimi naunga mkono dua, ila baada yake wananchi wapewe dakika kumi na tano za maswali. Hilo ndilo la kupigia kura, joho wabaki nalo.

Karani Mstaafu: Maswali mpe diwani wako, yeye atauliza kwa niaba yako. Ukifungua mlango huo kikao hakiishi.

Mama Lishe wa Stendi: Diwani wangu namuona wakati wa kampeni. Mzee, wewe sheria unazijua na umestaafu, muda unao. Mkutano wetu wa mtaa ukiitishwa nitakuambia siku na saa. Njoo ukae na mimi mbele, nikiuliza ya ulinzi shirikishi wewe uwasomee sheria inasemaje. Utakuja?

Karani Mstaafu: Nitakuja. Nijulishe mapema.